Ifuate Jozi Inayosafiri

Katika sebule nyingi za Nyamira na Kisii, nchini Kenya, mgeni haketishwi juu ya kochi tupu. Anaketishwa juu ya kitambaa cheupe, au cha rangi ya maziwa, au cha rangi mbili zilizochaguliwa ziende na pazia. Kipo kitambaa cha mgongo wa kochi, vipo vidogo vya mahali pa kuwekea mikono, kipo cha meza na kipo cha televisheni. Vyote vimefumwa kwa kulabu moja na uzi mmoja, na karibu vyote vimenakiliwa kutoka kwa kitambaa cha mtu mwingine. Sijamwona mwanamke wa Kebirigo, Ikonge au Keroka akifuma huku kitabu kimefunguliwa mapajani. Huenda kwa jirani akaazima kitambaa kimoja cha kutazama, akakaa nacho barazani akihesabu maua, akakigeuza upande wa nyuma, na kufikia jioni ameshaanza chake.

Mimi nilishika kulabu nikiwa shule ya msingi, miaka ile mfumo wa 8-4-4 ulipokuwa mchanga na sayansi kimu ilikuwa somo la kila mtoto. Shuleni tulifundishwa kufunga kitanzi cha kwanza. Yaliyobaki nilipewa na magokoro, mama yake baba, ambaye hakusoma hata darasa moja. Aliponipa kitambaa cha kunakili, aliniambia nitafute kwanza mahali uzi ulipoanzia, kisha niufuate kwa kidole mpaka unapoishia, na nisiguse kulabu kabla kidole hakijafika. Sheria hiyo ndiyo iliyonifikisha kwenye kazi ninayotaka kuieleza hapa, ambayo ni ngeni kwetu: lesi inayosukwa kwa vijiti.

Mimi ni shemasi katika kanisa letu. Wasabato ni wengi katika Gusii, na kanisani kwetu Meza ya Bwana huandaliwa kila robo ya mwaka. Mkate usiotiwa chachu na vikombe vya maji ya zabibu hufunikwa kwa kitambaa cheupe, na sisi mashemasi wa kike ndio tunaokifua, kukipiga pasi na kukitunza. Kitambaa chetu kikubwa kilipatikana katika marobota ya mitumba, soko la Daraja Mbili mjini Kisii, na mwenye kukinunua alikipendea ukingo wake: lesi nyembamba ya pamba iliyozunguka pande zote nne. Upande mmoja ulikuwa umechanika. Wenzangu walinipa mimi nikirekebishe, kwa kuwa ndiye mfumaji wao.

Nilichukua kulabu yangu nyembamba kuliko zote nikatafuta kitanzi cha kuanzia. Hakikuwapo. Katika vitambaa vyetu vya makochi kila tundu limezungukwa na vitanzi, na ukivuta uzi wa mwisho kitambaa kizima kinafumuka. Lesi ile haikuwa na mwisho mmoja. Ilikuwa na nyuzi nyingi zilizokwenda pamoja. Mahali pengine zilibanana zikawa nguo kamili, na mahali pengine zilipishana mbilimbili zikaacha matundu yaliyopangika mshazari. Ilikuwa kazi nyingine kabisa, na sikumjua mtu yeyote kuanzia Nyansiongo hadi Ogembo ambaye angeweza kunielekeza.

Nikaanza kusoma historia ya lesi ya namna hiyo, na huko ndiko nilikopata moyo. Lesi hii ilishamiri Ulaya katika karne ya 16, hasa Venice nchini Italia na katika miji ya Flanders, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ubelgiji. Mfumaji huketi mbele ya mto mgumu. Juu ya mto hubandikwa karatasi yenye vitobo, na kila kitobo ni mahali pa kuchomeka pini. Nyuzi huning'inia kutoka juu, kila uzi ukiwa umezungushwa kwenye kijiti chake, na vijiti hupishanishwa mpaka nyuzi zisukane kuzizunguka pini. Kazi ikishafika mbali, pini za nyuma hung'olewa na lesi hubaki imesimama yenyewe. Kijiti hicho ndicho Wazungu wanachokiita bobini, lakini usikichanganye na bobini ya cherehani. Hiki ni kirefu na chembamba, na hukaa mkononi.

Mwaka 1557 kilichapishwa Venice kitabu cha vielelezo vya lesi kiitwacho Le Pompe. Ndani yake ni picha za lesi ukurasa baada ya ukurasa, bila maelezo ya jinsi ya kuzisuka. Miaka minne baadaye, 1561, kingine kikachapishwa Zurich, nchini Uswisi, kazi ya mwanamke ambaye hadi leo anajulikana kwa herufi mbili tu, R.M. Katika dibaji yake anaeleza kwamba wafanyabiashara ndio walioileta lesi hiyo nchini kwao kutoka Venice mwaka 1536, na kwamba wanawake na wasichana wa huko waliitazama, wakaiiga kwa bidii, kisha wakabuni mitindo yao wenyewe mizuri kuliko ile waliyoletewa. Nilisoma maneno hayo mara nyingi. Wanawake wale hawakuwa na mwalimu wala maelekezo. Walikuwa na kipande cha lesi ya wageni na macho yao, yaani hasa kile nilichokuwa nacho mimi Nyamira.

Nilivutiwa pia na habari za Brazil. Katika jimbo la Ceará, kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo, wanawake husuka lesi hii kwa vitu vya shambani. Mto wao hujazwa majani makavu ya migomba. Badala ya pini, wengi walitumia miiba ya mpungate mrefu uitwao mandacaru, na vijiti vyao vina kichwa cha mbegu ya mnazi wa porini. Nilipofika kwenye yale majani ya migomba nilifunga kitabu nikatoka nje. Mahali gani pana majani makavu mengi ya migomba kuliko Gusii?

Basi nieleze vifaa kama nilivyovipata, kwa maana hapo ndipo wengi hukata tamaa, wakidhani lazima viagizwe kutoka mbali.

Mto niliushona duara, upana wake kiasi cha sinia la chai, kwa kitambaa cha pamba cha rangi ya buluu iliyoiva. Rangi nzito hufanya uzi mweupe uonekane, na kitambaa kiwe laini kisicho na manyoya, vijiti visije vikanasa. Ndani nilishindilia majani ya migomba yaliyokatwakatwa na kukaushwa juu ya meko. Unga wa mbao kutoka kwa fundi seremala nao hufaa, na ni mzito zaidi, kwa hiyo mto hautembei mezani. Chochote utakachotumia, shindilia mpaka mkono uchoke. Kisha chomeka pini moja katikati na uisukume kwa kidole upande. Ikilala, mto bado ni mlaini, rudi ukaongeze. Katika lesi hii pini ndiyo inayobeba umbo lote mpaka nyuzi zikazane, na pini inayoyumba itakupa ukingo unaoyumba.

Pini ni zile za mafundi wa cherehani. Lakini Nyamira mvua hainyeshi kwa msimu mmoja ikaondoka. Hewa ina unyevu karibu mwaka mzima, na pini ya chuma duni itaacha doa la kutu kwenye uzi mweupe usiku mmoja tu. Loweka moja kwenye maji uilaze juu ya kitambaa cheupe hadi asubuhi kabla hujanunua pakiti nzima.

Vijiti nilivipata kwenye mashamba ya chai. Miti ya chai hupogolewa kila baada ya miaka mitatu au minne, na matawi yanayokatwa huishia kuwa kuni. Mti wake ni mgumu na hauna nyuzinyuzi zinazochomoka. Nilichagua matawi yaliyonyooka yenye unene wa penseli, nikayakata urefu wa kidole cha kati na zaidi kidogo, kama sentimita 10, nikayamenya na kuyakausha taratibu. Halafu kwa kisu nilichonga shingo karibu na ncha moja ili uzi usiteleze, nikapiga msasa mpaka kijiti kiwe laini kabisa. Kwa uzito, mwisho wa kila kijiti nilifunga shanga moja ya jiwe la Kisii kutoka Tabaka. Wafumaji wa Uingereza ya kati nao hufunga shanga za kioo mwishoni mwa vijiti vyao. Uzito huo ndio unaokaza uzi wakati mikono yako iko kwingine, kwa hiyo shanga zote ziwe za ukubwa mmoja. Anayetaka kuanza leo na hana muda wa kuchonga achukue vibanio vya mbao vya kuanikia nguo, avitenganishe nusu kwa nusu, aondoe ile waya. Kila nusu ni kijiti, tena mtaro wake umeshachongwa.

Uzi uwe wa pamba, laini, uliosokotwa vizuri. Ule wa sufu bandia tunaofumia sweta hauvumilii kazi hii, kwa kuwa una manyoya na unavutika. Kwa mara ya kwanza chagua uzi mnene wa rangi mbili, nyeupe na nyingine inayopiga kelele, nyekundu au buluu. Sababu yake utaiona hivi karibuni.

Mwisho ni karatasi ya grafu, ile ya hesabu za sekondari yenye miraba midogo ya milimita 2. Hii ni zawadi kubwa kwa mfumaji wa lesi. Mtindo rahisi kuliko yote, uitwao torshoni, hupangwa juu ya miraba: weka nukta kwenye kona, ruka moja, weka nyingine, na mstari wa chini yake anzia kwenye nafasi uliyoruka. Nukta zitasimama mshazari, na mshazari huo ndio nilioukuta kwenye lesi ya kanisani.

Sasa mikono. Jambo lililonishangaza kuliko yote ni uchache wa mambo ya kujua. Lesi yote ya vijiti, kuanzia ukanda wa mtu anayejifunza hadi kola za wafalme zilizomo kwenye picha za kale, imejengwa kwa miondoko miwili tu. Chukua jozi mbili, yaani vijiti vinne vilivyolala mbele yako. Vihesabu kuanzia kushoto: moja, mbili, tatu, nne. Namba ni za mahali, si za kijiti. Kijiti kikihama, kinachukua namba ya mahali kilipofika.

Mwondoko wa kwanza ni kupisha: kijiti cha pili kipite juu ya cha tatu. Wa pili ni kusokota: katika kila jozi, kijiti cha kulia kipite juu ya cha kushoto, yaani cha pili juu ya cha kwanza na cha nne juu ya cha tatu. Hakuna wa tatu.

Ukipisha na kusokota, ukapisha na kusokota tena na tena kwa jozi hizo hizo mbili, utapata msuko wa nyuzi nne. Msusi yeyote wa nywele aliyewahi kusuka kwa mafungu manne ataitambua kazi hii kwa vidole kabla ya kuielewa kwa maneno, na wasichana wa saluni ndio wanafunzi wepesi kuliko wote niliowahi kuketi nao. Fanya msuko huo mrefu kadiri unavyotaka. Usiinue vijiti hewani. Vilaze juu ya mto na uviviringishe kwa ncha za vidole, viganja vikitazama chini.

Ukichoka na msuko, jaribu mpangilio mwingine: pisha, sokota, pisha. Tazama kilichotokea. Jozi iliyokuwa kushoto sasa iko kulia, na iliyokuwa kulia iko kushoto, na nyuzi zimepitana juu na chini kama zilivyo katika nguo iliyofumwa kwenye kitanda cha mfumi. Jozi moja imepita katikati ya nyingine. Ukiendelea nayo jozi hiyo hiyo, ukaipitisha kwenye jozi ya tatu, ya nne na ya tano, umeshaanza kufuma kitambaa.

Hapa ndipo kidole cha magokoro kilipopata kazi. Katika sehemu zote za lesi zilizobanana kuna jozi moja inayosafiri na nyingine zinazoning'inia tu zikiisubiri ipite. Inayosafiri hutoka ukingo huu hadi ukingo ule, huzunguka pini, hurudi. Mtu akikupa kipande cha lesi usichokijua, usijaribu kuzielewa nyuzi zote kwa pamoja, maana zitakuchanganya. Tafuta ile inayosafiri. Ukishaiona, zilizobaki zitajieleza zenyewe.

Ukanda wa kwanza uwe hivi. Tayarisha jozi saba, yaani vijiti 14. Sita ziwe za uzi mweupe, na ya saba, itakayosafiri, iwe ya ile rangi nyingine. Kila jozi ni kipande kimoja cha uzi chenye vijiti viwili, kimoja kila mwisho, bila fundo katikati. Kata pima moja kwa kila jozi nyeupe, lakini kwa jozi ya rangi kata pima mbili, kwani inatembea zaidi ya wenzake. Zungusha uzi kwenye kijiti, na mwishoni pitisha kitanzi kimoja shingoni ili usifumuke. Ukitaka kuurefusha uzi baadaye, unakizungusha kijiti na kitanzi kinauachilia kidogo kidogo.

Kwenye karatasi ya grafu chora safu mbili za nukta zilizoachana kama upana wa kidole gumba. Nukta za kulia zisikabiliane na za kushoto. Kila moja ikae katikati ya mbili za upande wa pili, ili njia ya jozi inayosafiri iwe ya kupinda huku na huku. Bandika karatasi kwenye kipande cha katoni, toboa nukta zote kwa sindano, uichomeke juu ya mto. Juu kabisa panga pini za kuning'inizia jozi sita nyeupe, na kushoto kwao, kwenye nukta ya kwanza, ning'iniza ile ya rangi.

Pisha, sokota, pisha kwa jozi nyeupe ya kwanza. Iache. Pisha, sokota, pisha kwa ya pili. Endelea hivyo mpaka jozi ya rangi itoke kulia kwa zote sita. Hapo isokote yenyewe mara mbili, chomeka pini kwenye nukta ya kulia, pini ikae kati ya jozi ya rangi na jozi nyeupe ya mwisho. Vuta taratibu vijiti vya rangi, kisha vile vyeupe kimoja kimoja, ili vyote vikae sawa. Sasa rudi kushoto kwa mwendo ule ule. Ile misokoto miwili ya ukingoni ndiyo inayoifunga pini na kuacha tundu dogo safi. Ukiisahau, ukingo utalegea.

Ukifika urefu wa kidole, utaona uzi wa rangi umechora njia yake yote juu ya weupe. Hiyo ndiyo sababu ya kutumia rangi mbili. Kama umepisha jozi isiyo yake, rangi itashuka mahali isipostahili, na hutahitaji mtu wa kukuonyesha kosa liko wapi. Unarudi nyuma kwa kufanya miondoko ile ile kinyume: ulipopisha, rudisha. Lesi hii inafumuliwa hatua kwa hatua bila kupoteza chochote, na kwa mtu asiye na mwalimu huu ni msaada mkubwa. Jaribu. Sokota jozi ya rangi mara moja ikiwa katikati ya safari, kila safari mahali pale pale, uone mstari wa uwazi ukijitokeza ukandani. Acha pisha ya mwisho, yaani fanya pisha na sokota tu, uone kitambaa kikifunguka kuwa wavu. Baada ya hayo utaanza kuisoma lesi ya mtu mwingine.

Lesi ya kanisani niliisoma hivi. Niliilaza juu ya kitambaa cheusi dirishani, nikaipiga picha kwa simu, nikaikuza mpaka kila uzi ukaonekana. Nilianza na ukingo wa nje, ule wenye mawimbi, kwa kuwa pale jozi inayosafiri hugeuka na pini huacha tundu wazi. Kila wimbi lilikuwa kipepeo: jozi moja ilitoka nje ikaingia ndani, kila safari ikichukua jozi moja zaidi, kisha ikaanza kuziacha moja moja mpaka ikabaki peke yake. Upande wa pili, ule ulionyooka unaoshonewa kwenye nguo, kulikuwa na jozi zilizoshuka moja kwa moja ukingoni. Katikati palikuwa na wavu. Huko hapakuwa na msafiri, bali jozi mbili zilikutana kwenye kila pini, zikafanya pisha na sokota kabla ya pini na pisha na sokota baada yake, zikaachana kila moja na njia yake ya mshazari.

Idadi ya jozi niliipata kwa kuweka rula kuikata lesi upana wake, mahali kipepeo kilipoanzia, na kuhesabu nyuzi zilizopita chini yake. Nusu ya hesabu hiyo ndiyo idadi ya jozi. Hesabu mahali pawili tofauti. Majibu yakilingana, unaweza kuyaamini. Unene wa uzi niliulinganisha kwa kuzungusha uzi uliochomoka kwenye lesi ile juu ya penseli, mizunguko ikibanana, na wangu pembeni yake, kisha nikahesabu mizunguko ndani ya sentimita moja. Kama wako ni mnene mara mbili, zidisha nafasi za nukta zako mara mbili, au utafute mwembamba zaidi. Kwa kurekebisha kitambaa cha kanisa ilinibidi kutafuta mwembamba.

Huenda mtu akauliza kama lesi ile ya mitumba ilisukwa kwa mikono kweli. Inawezekana haikusukwa hivyo. Zipo mashine zilizopewa jina la mji wa Barmen, Ujerumani, ambazo hupishanisha nyuzi kwa mpangilio ule ule wa vijiti, na kazi yake inafanana sana na ya mkono. Kwa mtu anayejifunza haidhuru. Nyuzi zimepita njia ile ile, na njia ndiyo unayoitafuta.

Mtindo mmoja ambao nakusihi usianze nao ni buibui, ua la duara lenye miguu mingi ambalo kila mtu hulitamani. Jozi kadhaa husokotwa kutoka kila upande, zikakutana katikati na kupita ndani ya zote za upande wa pili, pini ikachomekwa, zikapitana tena na kutawanyika. Ni zuri, lakini halina jozi inayosafiri. Zote zinasafiri kwa wakati mmoja, na jicho changa halina pa kushika. Anza na ukanda, kisha kipepeo, kisha wavu. Buibui aje mwisho.

Najua swali la wanawake wa chama chetu, kwa kuwa huniuliza kila tukikutana: itauzwa wapi? Nawajibu bila kuwaficha. Kitambaa cha kochi unakifuma huku ukiongea na kuchunga maziwa jikoni. Lesi hii inataka meza, mwanga na mikono yote miwili, na inasonga mbele kwa upana wa kidole wakati kulabu ingekwisha kwenda dhiraa nzima. Ukipanga bei kwa saa ulizotumia, hakuna atakayenunua seti ya vitambaa vya makochi. Lakini ukanda mwembamba kwenye mto wa bibi harusi, kola ya gauni la mtoto au kitambaa cha Meza ya Bwana ni vitu vinavyotakiwa vichache na vya kudumu, na huko ndiko ninakoipeleka. Kule Idrija, Slovenia, mji uliojengwa juu ya machimbo ya zebaki, wake wa wachimba migodi walisuka lesi kuongezea mapato ya nyumbani. Shule ya lesi ikafunguliwa mwaka 1876, na hadi leo watoto wanasoma hapo. Mwaka 2018 UNESCO iliuingiza usukaji lesi wa Slovenia katika orodha yake ya urithi wa binadamu. Huku kwetu Kenya, Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoanzishwa mwaka 1952, vikundi vyake vilifundisha wanawake wa vijijini kushona na kufuma pamoja na mapishi na malezi. Sioni kwa nini kikundi cha leo cha Nyamira au Bomachoge kisiwe na mto mmoja wa lesi pembeni, wa kila anayetaka kujaribu.

Kumalizia kipande ni rahisi. Funga kila jozi fundo maradufu, acha mikia mifupi, uikunje nyuma na kuishonea kwa uzi mwembamba. Pini za mwisho ziache siku nzima kabla ya kuzing'oa, lesi ishike umbo. Ioshe kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, usiikamue, ilaze juu ya taulo na uichomeke pini upya ikauke ikiwa imenyooka. Ukitaka isimame, maji ya wanga wa muhogo yaliyochujwa yanatosha.

Sehemu iliyochanika ya kitambaa cha kanisa imeshajazwa, na robo iliyopita kilitandikwa. Kilichobaki ni kona. Mwenye kukishona alikuwa ameikunja lesi kwenye pembe zake nne na mikunjo ile imechakaa, nami nataka pembe mpya zisukwe zikigeuka zenyewe bila kukunjwa. Kazi hii inafanyika kwa kioo kidogo cha mkononi. Simamisha kioo wima juu ya mchoro wa nukta, kikate ukanda kwa mshazari wa nyuzi 45, na tazama ndani yake: ukanda na taswira yake vinakutana na kufanya kona. Sogeza kioo taratibu. Kuna mahali vipepeo vinakatwa vibaya, kuna mahali wavu unabaki wazi mno, na kuna mahali kipepeo kimoja kinakaa sawasawa penye pembe. Hapo piga mstari kwa penseli, nakili nukta za pande zote mbili kwenye grafu mpya, kisha tafuta jozi inayosafiri ipitie wapi kugeuka.